Projekta tatu, skrini ya kupinda: mshono wa kushoto umenishinda, na sangara ana midomo miwili

#1 Sangara_wa_Sheda
Mwangaluka wakuu. Ukumbi wa maonyesho ya ziwa, Mwanza, upande wa Capri Point. Skrini ni ukuta wa jipsamu uliopinda, nusu kipenyo mita 5, urefu wa upinde mita 9.6, kimo mita 2. Projekta tatu za 1920 kwa 1080, zimepandana piseli 288 kila mshono, kwa hiyo picha nzima ni 5184 kwa 1080. Injini ya michezo Godot 4, kompyuta moja, kadi moja ya michoro, madirisha matatu. Kila projekta ina wavu wake wa kukunja picha, macho 8 kwa 5, halafu sheda (programu ndogo ya kadi inayokokotoa rangi ya kila piseli) ya kufifisha kingo:

`COLOR.rgb *= pow(w, 1.0 / 2.2);`

Hapo w ni uzito wa projekta, 1 ndani ya picha ukishuka hadi 0 ukingoni, na pow ni w^(1/2.2). Gridi ya majaribio imenyooka mpaka raha. Nikiwasha maonyesho yenyewe:
- mshono wa kushoto unaonekana kama pazia limening'inizwa pale
- wa kulia rangi ni safi, ila sangara akivuka anakuwa na midomo miwili
- kwenye sehemu ya kina kirefu, giza, mistari miwili ya kijivu inasimama wima

Kosa liko kwenye injini au kwenye projekta?

#2 Dagaa404
Siti ya mbele. Sangara wa midomo miwili si hitilafu mkuu, hiyo mbegu mpya, pelekeni kiwandani.

#3 FundiKirumba
Mshono wa kushoto ni gama, yaani jinsi projekta inavyogeuza namba ya piseli kuwa mwanga. Zima maonyesho, weka nyeupe tupu, halafu kijivu 128. Nyeupe ikiwa safi na kijivu kina giza, basi projekta yako haina gama 2.2. Panda 2.4, ukishindwa 2.6, mpaka pazia lipotee. Dakika kumi umemaliza.

#4 MamaSheda
@FundiKirumba kipimo ni sawa, tafsiri yake sivyo. Projekta inayofuata gama kweli hutoa mwanga v^g, v ikiwa thamani ya piseli na g gama yake. Ukizidisha piseli kwa w^(1/2.2), mwanga unaotoka ni v^g mara w^(g/2.2). Angalia sehemu ya pili: haina v ndani yake. Kwa hiyo namba ya gama ikikosewa, mshono unakosea kwa uwiano uleule kwenye nyeupe, kwenye kijivu, kwenye rangi yoyote.

Katikati ya mshono w ni 0.5 kwa kila projekta. Jumla inayotakiwa ni 1. Projekta ikiwa kweli 2.4 unapata 0.94. Ikiwa 1.8 unapata 1.13. Ukisahau pow kabisa, 0.44, hilo ni pazia la msibani. Ukirekebisha mara mbili, 1.46. Hili la mwisho linawapata wengi wa Godot: wanawasha HDR 2D kwenye mradi, sheda za 2D zinahamia kwenye mwanga halisi, na ile pow bado ipo. HDR 2D ikiwa imewashwa, iondoe pow, zidisha kwa w tupu.

Kama nyeupe na kijivu vinatoa majibu tofauti, kabati la gama lifunge. Tafuta kitu kingine kinachoharibu ngazi za mwanga.

#5 FundiKirumba
Hapo umenishika dada. Ila zile namba zako ni za projekta ya kwenye karatasi. Projekta za DLP (za vioo vidogo vidogo) zenye kipande cheupe kwenye gurudumu la rangi zinaongeza nyeupe kuliko jumla ya nyekundu, kijani na buluu. Hiyo nayo inavunja v^g. Kwa hiyo zima kila kinachoitwa kuongeza mng'ao kwenye menyu, kisha ndipo upime.

#6 Nyegezi_GPU
Wote mnazunguka mbuyu. Kuna ugonjwa mmoja ambao mshono unang'aa kwenye nyeupe na kufifia kwenye kijivu: kadi inatuma 0 hadi 255, projekta inadhani inapokea 16 hadi 235. Projekta inakata 16 za chini na kuvuta zilizobaki.

Fanyeni hesabu na gama 2.2. Nyeupe: nje ya mshono inagonga dari, inabaki 1. Katikati ya mshono kila projekta inatakiwa kutoa 0.50, inatoa 0.57, jumla 1.15. Kijivu cha 0.5: nje ya mshono 0.226, ndani jumla 0.201, yaani giza la asilimia 11. Ni projekta moja tu ikiwa na ugonjwa, kosa ni karibu nusu ya hapo.

Sangara, pima halafu rudi. Usitumie jicho, jicho linadanganywa na ukingo. Kamera, mwanga na kasi vifungwe, picha ghafi.

#7 Sangara_wa_Sheda
Nimepima. Kulia: sawa kila ngazi. Kushoto: nyeupe imezidi asilimia 6 au 7, kijivu 128 kimepungua karibu 5.

#8 Nyegezi_GPU
Nimeshinda soda. Projekta ya kushoto imeunganishwaje?

#9 Sangara_wa_Sheda
Kadi ina tundu moja la HDMI na DisplayPort tatu. Kushoto ni HDMI moja kwa moja, nyingine mbili zinapita kwenye vibadilishi.

#10 Nyegezi_GPU
Ndiyo huyo. Projekta ya HDMI moja kwa moja inaweza kudhani inapokea ishara ya televisheni, na ya kwenye kibadilishi ikadhani ni ya kompyuta. Usiache chochote kwenye Auto. Kwenye draiva weka RGB kamili kwa zote tatu, kwenye menyu ya projekta weka Full kwa zote tatu. Kisha tupia mstari wa ngazi 0, 4, 8, 12, 16, 20. Ngazi ya 8 usipoitofautisha na 0 wakati 20 inaonekana, bado unakatwa.

Umeme ukikatika na kurudi, angalia tena. Kuna projekta zinazosahau.

#11 JiweLaZiwa
Mimi siamini bado. Hicho kijivu mlipima kikiwa kimepitia kamera za 3D au mlikiweka juu yake kama picha ya 2D? Kama maonyesho yana mwangaza wa kujirekebisha, kila Camera3D inajipimia yenyewe. Kamera ya kushoto inatazama mwamba uliopigwa jua, inajififisha. Ya kati inatazama maji, haijififishi. Mshono unapata samaki wawili wenye mwanga tofauti, na hakuna gama itakayowapatanisha. Vivyo hivyo mwanga wa kuenea pembeni ya vitu, na vivuli vinavyokokotolewa kutokana na kile kilichomo ndani ya fremu tu: kwenye ukingo wa fremu havijui kilicho nje. Kata hivyo vyote, au toa kila kamera upana wa ziada wa asilimia 10 kisha uukate.

#12 MamaSheda
@JiweLaZiwa hoja yako ni ya kweli ila haielezi posti #7. Kamera haziwezi kuzidisha nyeupe tupu na papo hapo kupunguza kijivu tupu.

#13 JiweLaZiwa
Haielezi kipimo. Inaeleza pazia. Yeye alilalamikia pazia wakati maonyesho yanakimbia.

#14 Dagaa404
Hapo sasa. Mimi nimeleta bisi.

#15 KayaIgoma
Tuache kushoto, twende kwenye midomo. Swali la kwanza ambalo hakuna aliyeuliza: sangara akisimama, mdomo wa pili unabaki au unaondoka? Ukiondoka, kosa ni la muda. Ukibaki, ni la mahali.

Upande wa muda: picha yako ina piseli 540 kwa mita. Samaki akienda mita 2 kwa sekunde, fremu moja ya 60 ni piseli 18, sm 3.3. Pima pengo kwa rula ukutani, gawa.

#16 Sangara_wa_Sheda
Akikimbia kasi hiyohiyo ya mita 2, pengo kama sm 8. Akisimama, sm 1. Kwa hiyo yote mawili?!

#17 KayaIgoma
Yote mawili. Sm 1 ni mahali, karibu sm 7 ni fremu mbili.

Fremu mbili ni nyingi kwa kosa la madirisha peke yake. Angalia kama projekta ya kulia ina kistoni (kunyoosha picha inayotanuka upande mmoja) au kukunja kwa ndani kumewashwa. Projekta nyingi zikifanya hiyo kazi zinashikilia picha fremu moja au zaidi kabla ya kuitoa. Zima zote, fanya kukunja kwote kwenye injini. Hata kistoni yenye thamani sifuri, kama kuna swichi ya kuizima, izime.

#18 Nyegezi_GPU
Au kibadilishi. Au madirisha matatu kila moja na usubiri wake wa skrini. Badala ya madirisha matatu tengeneza dirisha moja lisilo na fremu, 5760 kwa 1080, limelala juu ya skrini zote tatu. Hapo injini inakabidhi picha mara moja. Bado matundu matatu ya kadi hayaanzi kuchora kwa wakati mmoja, lakini utofauti hautazidi fremu moja. Kuzifunga zianze pamoja kabisa kunahitaji kadi za kiofisi zenye kipande cha kusawazisha, bei yake unanunua mtumbwi na injini.

Kupima: weka namba ya fremu, kubwa, pande zote mbili za mshono. Rekodi kwa simu fremu 240 kwa sekunde. Kila fremu ya projekta ni nne za simu. Simamisha video, soma namba mbili, toa.

#19 FundiKirumba
Kwenye hiyo sm 1 ya kusimama mimi naona wavu. Macho 8 kwa mita 3.56 ni sm 44 kila jicho. Kati ya kipeo na kipeo (kona za macho ya wavu) picha inakwenda moja kwa moja wakati ukuta umepinda.

#20 MamaSheda
Umepinda kiasi gani kaka? Sm 44 kwenye duara la mita 5, upinde unatoka mm 5 kwenda nyuma. Mm 5 za kina, si za pembeni. Projekta ikiwa imeinamishwa nyuzi 20, mstari unashuka mm 1.8, piseli moja. Sm 1 haipatikani hapo. Akigawa wavu mara nane, upungufu unashuka mara 64, afanye tu, kadi haitahisi. Lakini siyo dawa ya midomo.

Jicho dogo lina faida nyingine: pembenne kubwa yenye pembetatu mbili ikikunjwa bila kugawa kwa q (uzito wa mtazamo wa kila kona), picha inavunjika kwenye ulalo, mstari wa bati lililokunjwa. Peleka u·q, v·q (u na v ni mahali kwenye picha) na q kwenye sheda, gawa kwa kila piseli.

#21 Dagaa404
Wavu wa macho madogo ni haramu ziwani. Mtakamatwa na kokoro lenu.

#22 JiweLaZiwa
Sangara kasema gridi imenyooka. Gridi ya 2D imewekwa *baada* ya kamera. Haijapita kwenye kamera hata moja. Ndiyo maana imenyooka. Kosa la sm 1 liko nyuma yake. Mashaka yangu kwa mpangilio:

Kamera tatu hazipo kwenye nukta moja. Watu wanaziweka mbalimbali kama projekta zilivyo darini, na kitu cha karibu kinatoka mara mbili. Zote ziwe nukta moja, pale anaposimama mtazamaji, zitofautiane mzunguko tu.

fov. Kwenye Camera3D fov (pembe ya mtazamo) ni ya wima isipokuwa umebadilisha keep_aspect. Mtu anaandika nyuzi za upana, injini inazisoma kama kimo.

Picha bapa juu ya ukuta wa duara. Kamera inapanga kwa tan ya pembe, ukuta unapanga kwa pembe yenyewe. Kila projekta yako inafunika nyuzi 40.7. Usipobadilisha, kitu cha katikati ya mshono kinasogea piseli 10 kuelekea katikati ya kila kamera, pengo la sm 3.7.

#23 Sangara_wa_Sheda
Nukta moja: ndiyo, zote ziko sifuri. keep_aspect nimeweka upana. Tan ipo kwenye wavu wa kwanza. Mzunguko: kushoto 34.63, kulia 34.5.

#24 KayaIgoma
Hahahaha. Nani kakuzungushia namba?

#25 MamaSheda
0.13 ya nyuzi kwa mita 5 ni sm 1.1. Sm yako hiyo hapo. Weka 34.63 pande zote.

#26 FundiKirumba
Hata hivyo msifunge jalada. Ukuta mliupima saa ngapi? Vyuma vya kubebea projekta vikifungwa kwenye kenchi za bati, saa nane mchana si pale vilipokuwa saa moja asubuhi. Projekta ya mita 3.5 kutoka ukutani ikiinama sehemu moja ya kumi ya nyuzi, picha inasogea mm 6, piseli 3. Halafu joto lake lenyewe. Washa zote, nyeupe tupu, nusu saa nzima, ndipo uguse kipeo. Ukirekebisha zikiwa baridi utarekebisha kila siku.

Na chujio za hewa. Hapa ziwani wale wadudu wakifumka jioni wanafuata mwanga, chujio linageuka kuwa keki. Projekta ikikosa hewa inajififisha yenyewe bila kuaga, na huyo anaweza kuwa mshono wako wa kushoto.

#27 Nyegezi_GPU
Aliyesahaulika ni yule wa tatu, mistari ya kijivu gizani. Hiyo si kosa la yeyote, ni weusi wa projekta. Projekta haizimi mwanga kabisa, na kwenye mpandano weusi ni wa projekta mbili. Kufifisha hakusaidii, huwezi kuzidisha sifuri. Unaongeza weusi *nje* ya mpandano mpaka ulingane. Projekta yenye utofauti halisi wa 2000 kwa 1, nyongeza ni karibu ngazi 8 kati ya 255. Fanya kwa kila rangi peke yake, maana weusi wa kila projekta una rangi yake. Na ukingo wa nyongeza hiyo usiukate wima, fuata mpaka wa projekta ulivyoanguka ukutani baada ya kukunja, ulainishe piseli chache.

#28 JiweLaZiwa
Ukifanya hivyo umeua nusu ya giza lako ili mistari miwili isionekane. Sehemu ya kina kirefu itakuwa ukungu. Bora kipande cha bati, kimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, sm chache mbele ya lenzi, kikikata ukingo wa mwanga wenyewe. Kikiwa karibu na lenzi kivuli chake ni laini, kikiwa mbali kinakuwa kikali. Hicho kinafifisha hata weusi. Kisha sheda inamalizia.

#29 Nyegezi_GPU
Na mtu akipita na ngazi akakigusa, ukaanze upya. Ngazi 8, ukumbi wa watu, hakuna atakayeona.

#30 JiweLaZiwa
Mwenye uzi ameona.

#31 Kisesa_Ramani
Samahani kuingilia. Hii kitu inawezekana juu ya jiwe? Nina mwamba mkubwa uani na projekta mbili.

#32 KayaIgoma
Inawezekana, ila sahau wavu wa mkono. Tumia misimbo ya Gray (picha za mistari myeupe na myeusi zinazoipa kila piseli namba yake): safu 1920 zinahitaji picha 11 za mistari, mistari 1080 nayo 11, na kinyume cha kila moja, jumla 44, ongeza nyeupe moja na nyeusi moja. Kamera kwenye stendi, usiiguse mpaka mwisho. Kwa DLP shata iwe taratibu, 1/15 hivi, la sivyo gurudumu la rangi litakuachia vipande vya rangi. Mwamba wetu una chembe zinazometa, piseli hizo zitasoma ovyo, zitupe kisha jaza kwa majirani. Na ni wa kijivu, utakula mwanga, usitegemee picha kama ya ukutani.

#33 Kisesa_Ramani
Wabeja. Nafungua uzi wangu.

#34 Sangara_wa_Sheda
Majibu. RGB kamili kwa zote: kipimo cha kushoto sasa kiko ndani ya asilimia 1, nyeupe na kijivu. Mzunguko 34.63: sangara akisimama mdomo mmoja. Dirisha moja la 5760: akikimbia pengo limeshuka hadi sm 3 na kitu. Kistoni ilikuwa imezimwa tangu mwanzo.

Ila kushoto bado. Nikisimama katikati sioni kitu. Nikisogea kulia mita 2, mshono wa kushoto unarudi, upande mmoja umeelekea wekundu.

#35 FundiKirumba
Taa. Saa za taa ni ngapi kwa kila projekta? Iliyotumika zaidi inabadilika rangi.

#36 MamaSheda
Taa haibadiliki kwa sababu yeye kasogea. Ukuta umepakwa rangi gani?

#37 Sangara_wa_Sheda
Nyeupe ya maji. Fundi alisema ya kuoshika.

#38 MamaSheda
Ya kuoshika ina mng'ao. Mwanga wa projekta mbili unafika pale kwa pembe mbili tofauti na unaruka kwa pembe mbili tofauti, kwa hiyo kila aliyekaa anaona uwiano wake. Hakuna sheda ya hilo. Weka tochi ya simu karibu na jicho, angalia kama ukuta una doa la mwanga linalokufuata.

#39 JiweLaZiwa
Na mwangaza wa kujirekebisha umezima au bado?

#40 Sangara_wa_Sheda
Bado. Mwenye maonyesho anaupenda.

#41 KayaIgoma
Hizo sm 3 ni fremu moja. Badilishana nyaya za kulia na kati. Pengo likijitokeza na kushoto pia, ni kibadilishi. Likibaki kulia tu, ni projekta, hata kama kistoni imezimwa.

#42 Dagaa404
Sisi wa siti ya mbele tunauliza: akipaka ukuta upya, wavu si unapimwa upya?